Nchi ya Mabaraza: Siasa za Mbulu na Hanang tangu enzi za wazee hadi Jamhuri

Agosti 30, 1960, Tanganyika ilifanya uchaguzi uliofungua mlango wa uhuru. Viti vilivyogombewa vilikuwa 71. Katika viti 58 wagombea wa TANU walipita bila kupingwa, na hesabu ya mwisho ilipotoka chama hicho kilikuwa kimechukua viti 70. Kiti kimoja tu kilikwenda kwa mgombea binafsi, nacho kilikuwa cha Mbulu.

Aliyekitwaa ni Herman Elias Sarwatt, ambaye naye alikuwa mwanachama wa TANU. Chama kilikuwa kimempitisha Chifu Amri Dodo wa Wagorowa, kabila lenye makao yake upande wa Babati, ambako enzi hizo kulikuwa sehemu ya wilaya kubwa ya Mbulu. Sarwatt, Mwiraqw, hakukubali. Akasimama peke yake, wananchi wakampa kura zao, na alipoingia kwenye Baraza la Kutunga Sheria akakaa na wenzake wa TANU kana kwamba hakuna kilichotokea.

Historia ya uhuru wetu inapoandikwa, tukio hili hupewa sentensi moja, kisha msimulizi anaendelea na safari ya kwenda Desemba 9, 1961. Linastahili zaidi ya hapo. Nchi nzima ilikuwa nyuma ya TANU, Mbulu ikiwemo. Hata hivyo watu wa Mbulu walitenganisha mambo mawili ambayo wengine waliyaona kuwa ni moja: kukiunga mkono chama, na kukubali kuletewa mtu. La kwanza walilitaka, la pili wakalikataa. Ili kuelewa walipata wapi ujasiri huo, inabidi kurudi nyuma sana, kabla ya TANU, kabla ya Waingereza, hata kabla ya Wajerumani kujenga boma lao pale Mbulu.

Aya na wazee wake

Wairaqw wanasimulia kwamba wahenga wao walitoka mahali paitwapo Ma'angwatay, wakapita nchi kadhaa, wakaja kutulia kwenye milima iliyo juu ya Bonde la Ufa. Kitovu cha makazi yao kikawa Irqwar Da'aw, eneo la Kainam ambalo Waingereza baadaye waliliita Mama Isara. Ni nchi ya miteremko mikali, mvua ya kutosha na misitu. Mashariki kuna ukuta wa bonde unaoshuka hadi Ziwa Manyara. Kwenye nyanda za chini walikuwepo Wamasai na Wadatoga, wafugaji wenye nguvu ya mkuki, na kwa sababu ya uvamizi wao Wairaqw walijenga nyumba za tembe zilizochimbwa ndani ya mteremko, paa likifunikwa udongo, hivi kwamba mgeni aliweza kupita karibu bila kujua kuna watu.

Watu waliobanwa namna hiyo wangetarajiwa kuwa na mfalme mmoja wa vita. Hawakuwa naye. Nchi iligawanywa katika maeneo yanayoitwa aya, na kila aya ilijitegemea katika mambo yake. Kiongozi wake alikuwa kahamusmo, mtu aliyetambuliwa kwa hekima na kwa ufasaha wa kusema mbele ya watu. Kazi yake ilikuwa kuitisha wazee na kuongoza mazungumzo yao kwenye kikao kinachoitwa kwasleema. Kahamusmo hakuwa na askari, hakuwa na gereza, wala hakukusanya kodi. Neno lake lilipata nguvu pale tu wazee walipokuwa wamelizungumza na kulikubali.

Pembeni ya wazee walikuwepo qwaslare, wataalamu wa mvua na dawa za kulinda nchi. Mashuhuri kati yao walitoka ukoo wa Manda, na sifa ya mmoja wa kizazi cha karibuni, Nade Bea, ilivuka mipaka ya Mbulu. Lakini hata qwaslarmo hakutawala. Wazee walitumwa kwake kuomba ushauri na dawa, wakarudi nao kwa watu, na utekelezaji ukabaki mikononi mwa aya. Ibada ya masay, iliyozunguka mpaka wa aya ili kuikinga na maradhi, ukame na uovu, iliwafanya wakazi wajue kwamba wao ni wamoja kwa kuwa wanaishi ndani ya mpaka mmoja, hata kama koo zao ni tofauti.

Adhabu kubwa zilikuwa mbili: laana ya pamoja na kutengwa. Aliyevunja makubaliano ya jamii akakataa kujirekebisha alinyimwa ushirikiano. Hakuna aliyemsaidia kulima, aliyekunywa naye pombe, wala aliyemwazima moto. Kwenye milima ambako hakuna anayeweza kuishi bila jirani, adhabu hiyo ilitosha kumrudisha mtu kwenye mstari.

Mwanaanthropolojia Robert Thornton, aliyeandika kitabu kuhusu Wairaqw mwaka 1980, alivutiwa hasa na jambo hili: jamii kubwa iliyoweza kujipanga kwa ardhi, ibada na mazungumzo, bila kumweka mtu mmoja juu ya wote.

Kando ya Mlima Hanang

Ukishuka kuelekea kusini unauona Mlima Hanang, wenye urefu unaozidi mita 3,400, ukisimama pekee juu ya tambarare. Hapa ndipo nchi ya Wadatoga, na hasa tawi lao la Wabarabaig. Wao ni Waniloti, wafugaji, na historia yao imejaa kuhama. Zamani walikuwa wenyeji wa Ngorongoro, na kaburi la mkubwa wao bado linaheshimiwa ndani ya kreta, kwenye msitu wa Lerai. Katika karne ya 19 Wamasai waliwasukuma kusini, na nyanda zinazouzunguka Mlima Hanang zikawa moyo wa nchi yao.

Wadatoga nao walikuwa na viongozi wa kiroho wenye heshima kubwa. Jina linalotajwa hadi leo ni la Saigilo, kiongozi wa ibada wa karne ya 19 ambaye maono yake bado yanasimuliwa. Hata hivyo uendeshaji wa mambo ya kila siku ulikuwa wa vikao: kikao cha ukoo, kikao cha majirani, na mkutano mkuu wa jamii chini ya mti. Malisho hayakuwa ya mtu. Kulikuwa na ya masika na ya kiangazi, ya tambarare na ya miteremko, na kila moja lilikuwa na wakati wake wa kuingiwa na wakati wake wa kupumzishwa. Aliyeingiza ng'ombe kabla ya muda aliitwa kikaoni.

Jambo linalostahili kujulikana zaidi na Watanzania ni baraza la wanawake wa Kibarabaig, liitwalo girgwagedgademga. Mwanamume aliyevunja haki au heshima ya mwanamke aliweza kushitakiwa mbele ya wanawake wenyewe. Walikaa, wakasikiliza, wakahukumu, na faini ilikuwa ya ng'ombe. Mwanaume aliyekaidi alijua kwamba laana ya akina mama inamsubiri. Mtafiti George Klima alilieleza baraza hili katika maandishi yake ya miaka ya 1960 na 1970. Tunapozungumza leo kuhusu nafasi ya wanawake katika maamuzi, tukumbuke kwamba Hanang walikuwa na mahakama yao kabla ya yeyote kuwafundisha.

Alama nyingine ya siasa ya Wadatoga ni bung'ed, mazishi ya heshima ya mzee aliyetumikia watu vizuri. Juu ya kaburi hujengwa mnara wa udongo kwa hatua, kazi inayochukua miezi kadhaa, na watu hutoka mbali kuhudhuria. Si kila mtu hupata heshima hiyo. Jamii ndiyo inayoamua nani anaistahili, na kaburi hubaki kwenye tambarare kama ushahidi wa nani ameishi hapo.

Kiti kilicholetwa na boma

Wajerumani walipoingia mwanzoni mwa karne ya 20 walikuta nchi wasiyoielewa. Serikali ya kikoloni ilihitaji mtu wa kumpa amri, na kwa Wairaqw mtu huyo hakuwepo. Wakamtafuta. Waliteua watu wa kukusanya kodi na kutoa vibarua, wakawapa mamlaka ambayo mila haikuyajua. Kwa Wadatoga, ambao hawakukubali upesi, mkono ulikuwa mzito zaidi: baadhi ya viongozi wao wa kiroho walinyongwa, na kumbukumbu ya vifo hivyo haijafutika.

Waingereza walichukua nchi katika Vita Kuu ya Kwanza, na chini ya Gavana Donald Cameron wakaanzisha utawala kupitia machifu, uliowekwa rasmi na Sheria ya Mamlaka za Wenyeji ya mwaka 1926. Wilaya ya Mbulu, iliyobeba maeneo ambayo leo ni Mbulu, Hanang, Babati na Karatu, ikapangwa kwa makabila: Wairaqw, Wagorowa, Wambugwe na Wabarabaig, kila moja na mamlaka yake. Kahamusmo, aliyekuwa msemaji wa watu mbele ya watu, nafasi yake ikachukuliwa na mtu anayesema kwa niaba ya boma.

Miaka ile ile, upande wa pili wa Asia, Korea ilikuwa inapitia mkasa ulio kinyume na huu. Nasaba ya Joseon, ya ukoo wa Yi, ilitawala huko tangu mwaka 1392. Ilikuwa na mfalme, maofisa waliopatikana kwa mitihani ya taifa, na makarani walioandika mwenendo wa ikulu siku baada ya siku. Agosti 1910 Japani iliimeza nchi hiyo kwa mkataba wa shuruti, na kiti cha enzi kilichodumu miaka 518 kikaondolewa. Wakorea walinyang'anywa kiti walichokuwa nacho, ilhali Wairaqw na Wadatoga waliletewa kiti ambacho hawakuwahi kukihitaji. Katika nchi zote mbili jambo lililopotea ni lile lile, yaani haki ya watu kuamua wenyewe nani aseme kwa jina lao.

Hata hivyo Mbulu haikusahau kikao. Miaka ya 1940, serikali ya kikoloni ilipojaribu kuingiza mabaraza yenye wajumbe wa kuchaguliwa, Mbulu ilikuwa miongoni mwa wilaya za kwanza kufanyiwa majaribio hayo, na ofisa wa wilaya, C. I. Meek, aliyaandikia ripoti yenye matumaini. Haishangazi. Watu waliozoea kuzungumza hadi wakubaliane hawakuhitaji somo refu kuhusu baraza ni nini. Wakati huo huo kulikuwa na mpango mkubwa wa maendeleo wa wilaya: kufyeka vichaka vya mbung'o, kuhifadhi udongo, kupunguza mifugo. Kufyeka vichaka kulifungua ardhi mpya na kulipokewa. Kulazimishwa kuuza ng'ombe kulizaa manung'uniko, na manung'uniko hayo yalikuwa mbolea ya siasa za uhuru.

Kura ya Mbulu ilisema nini

Hapo ndipo tunarudi Agosti 1960. Wapo wanaosema kura ile ilikuwa ya ukabila tu: Wairaqw ndio waliokuwa wengi wilayani, mgombea wa chama alikuwa Mgorowa, basi wengi wakamchagua wa kwao. Hoja hiyo ina ukweli wake na si vizuri kuificha. Wakoloni walikuwa wameigawa wilaya kwa makabila kwa miaka zaidi ya 30, na mpaka waliouchora ulikuwa umeingia vichwani.

Lakini hoja hiyo haimalizi jambo. Kama ingekuwa ni kujitenga, Sarwatt angekaa upande wa upinzani, na Mbulu ingeendelea kuwa kisiwa. Haikuwa hivyo. Mbunge wao aliunga mkono serikali ya Julius Nyerere na wilaya ikaenda na taifa. Walichokikataa ni utaratibu wa jina kushushwa kutoka juu, na wao kubaki na kazi ya kuitikia tu.

Viongozi wa TANU walikuwa na sababu ya kutafakari. Chama kinapokuwa kimoja na kikubwa kiasi kwamba mgombea wake anapita bila kupingwa, mwananchi anabaki na nini cha kuamua? Tume ya kutengeneza demokrasia ya chama kimoja, iliyoongozwa na Rashidi Kawawa, ilikuja na jibu lililotumika Septemba 1965: chama kimoja, lakini wagombea wawili katika jimbo, mmoja kwa alama ya jembe na mwingine kwa alama ya nyumba. Wananchi waliitumia nafasi hiyo vilivyo. Hata Waziri wa Fedha, Paul Bomani, alishindwa. Kwa vitendo, nchi nzima sasa iliruhusiwa kufanya kile ambacho Mbulu ilikuwa imekifanya miaka mitano kabla: kumpima mtu bila kuikataa serikali.

Machifu walikuwa wameshaondoka. Mwaka 1963 serikali iliifuta mamlaka yao kisheria, na kiti kilicholetwa na boma kikaondolewa na Jamhuri. Katika baadhi ya mikoa hatua hiyo iliuma kwa miaka mingi. Mbulu na Hanang hazikuwa na enzi ya kale ya kuombolezea.

Ngano ya Basotu

Laiti simulizi ingeishia hapo. Jamhuri nayo ilikuwa na mambo yake ya kushusha kutoka juu, na Hanang ndiko yalikoumiza zaidi.

Mwishoni mwa miaka ya 1960 serikali ilianza kulima ngano kwenye tambarare za Basotu, na Kanada ikaingia kama mfadhili mkuu kwa fedha, mitambo na wataalamu. Shirika la umma la NAFCO lilikuja kuwa na mashamba saba makubwa, jumla yake yapata ekari 100,000. Nia ilikuwa njema: taifa jipya lilitaka mkate wake, na mashamba hayo yalitoa sehemu kubwa ya ngano iliyolimwa nchini. Tatizo lilikuwa mahali. Ekari hizo zilikuwa malisho bora ya Wabarabaig, yale yaliyotumika kwa zamu na kupumzishwa. Kwa mtu wa mipango aliyetazama kutoka ofisini, nyasi zisizo na ng'ombe siku hiyo zilionekana kama ardhi isiyo na mwenyewe. Trekta zikaingia. Njia za kwenda kwenye maji na kwenye chumvi zikafungwa, na makaburi ya bung'ed yakajikuta katikati ya ngano.

Tuwe wakweli pia kwamba NAFCO haikuwa peke yake. Wakulima, wengi wao Wairaqw, walikuwa wakisogea kwenye malisho hayo kwa miongo kadhaa kutafuta mashamba, na Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970 iliwapanga watu kwa mistari iliyomfaa mkulima kuliko mfugaji. Mbarabaig alibanwa kila upande.

Alichofanya ni cha kukumbukwa. Alikwenda mahakamani. Kijiji cha Mulbadaw na wanakijiji wenzao 67 walilishitaki shirika la serikali, na mwaka 1984 Mahakama Kuu ya Arusha iliwapa ushindi. Mwaka uliofuata Mahakama ya Rufani, chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, ilitengua sehemu kubwa ya ushindi huo. Ilisema kijiji hakikuthibitisha kwamba kiligawiwa ardhi hiyo kwa utaratibu wa sheria, na kwamba wengi wa wadai hawakuleta ushahidi mahakamani kuwa wao ni wenyeji kwa maana ya Sheria ya Ardhi ya kikoloni iliyokuwa bado inatumika. Watu ambao babu zao wamezikwa kwenye shamba lenyewe waliambiwa hawajathibitisha uenyeji wao.

Hawakunyamaza. Mwaka 1989 sauti yao ilifika Kanada kupitia barua ya wazi kwa wananchi wa nchi hiyo, na mjadala ukawa mkali kiasi kwamba mradi ulianza kutazamwa kwa jicho jingine. Nyumbani, mapema miaka ya 1990, Jaji Robert Kisanga aliongoza tume iliyochunguza malalamiko ya ukiukwaji wa haki katika mashamba hayo. Ufadhili ulisimama, NAFCO ikadhoofika, na serikali ilipobinafsisha mashamba, mengine yalikwenda kwa wawekezaji na mengine yakarudishwa kwa wananchi.

Kesi ya Mulbadaw imekuwa somo la lazima kwa wanafunzi wa sheria ya ardhi nchini. Tume ya Rais ya Ardhi ya mwanzoni mwa miaka ya 1990, iliyoongozwa na Profesa Issa Shivji, ilipozunguka nchi nzima kusikiliza malalamiko, ilipendekeza kwamba mkutano mkuu wa wanakijiji uwe ndio wenye sauti ya mwisho kuhusu ardhi yao. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999, haikukubali yote yaliyopendekezwa, lakini iliweka msingi muhimu: halmashauri ya kijiji haiwezi kugawa ardhi bila idhini ya mkutano mkuu. Sauti ya kikao cha wazee chini ya mti ilipata, kwa mara ya kwanza, mahali katika sheria ya Jamhuri.

Tabia ambayo haijafa

Ramani imebadilika sana tangu siku za Sarwatt. Hanang ilikatwa kutoka Mbulu mwaka 1969. Babati ikazaliwa kutoka Hanang mwaka 1985. Karatu ikawa wilaya katika miaka ya 1990, na mwaka 2002 mkoa wa Manyara ukaundwa kutoka Arusha, makao yake makuu yakiwa Babati. Hanang ilimtoa Frederick Sumaye, mbunge wake tangu 1985, aliyekuwa Waziri Mkuu kwa miaka 10 ya urais wa Benjamin Mkapa. Watu wa nchi isiyokuwa na mfalme walifika karibu kabisa na kilele cha dola.

Na ile tabia ya 1960 imeonekana tena. Mwaka 1995, uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi tangu mfumo huo urejeshwe, Dk. Wilbrod Slaa hakuteuliwa na CCM kugombea Karatu. Akahamia CHADEMA, wananchi wa Karatu wakamfuata, na akalishika jimbo hilo kwa miaka 15 kabla ya kugombea urais mwaka 2010. Mwaka huo huo wa 2010, Mbulu ilimwangusha Philip Marmo, waziri na mbunge wa tangu 1985, ikamchagua Mustafa Akunaay wa CHADEMA. Baadaye majimbo hayo yalirudi CCM. Anayeona hapo historia ya upinzani anakosea, na anayeona ngome ya chama tawala anakosea vilevile. Wapiga kura wa nyanda hizi wamekuwa wakifanya kazi ya wazee wa kwasleema: wanamsikiliza mtu, wanampima, na akiacha kuwasikiliza wanamwambia apishe.

Hukumu ya historia yetu hapa iko wazi. Kila mamlaka iliyokaa na watu wa Mbulu na Hanang ilipokewa, hata ilipokuwa ngeni. Kila iliyokuja na jibu mfukoni ilikataliwa, iwe ni chifu wa boma, mgombea wa chama kikubwa, au mradi wa ngano wenye fedha za Kanada. Kwa nini basi tunaendelea kurudia? Bado kuna vijiji ambako mkutano mkuu, ambao sheria inataka ufanyike kila baada ya miezi mitatu, haufanyiki hadi ardhi iwe imeshapimwa na mwekezaji ameshaonyeshwa mipaka. Mkutano wa namna hiyo unawaita watu kutangaziwa, na aliyetangaziwa hajashirikishwa.

Wenyeviti na watendaji wa vijiji vya Basotu, Balang'dalalu, Dongobesh, Haydom na kwingineko, itisheni mkutano mapema, muwape wafugaji muda wa kufika kutoka malishoni, na muwape akina mama nafasi ya kusema kabla uamuzi haujaandikwa. Hilo halihitaji bajeti wala mfadhili. Wazee wenu waliliweza bila hata karatasi.

Lipo pia jambo la pili. Kumbukumbu za nasaba ya Joseon, zinazoanzia 1392 na kufika 1863, zimehifadhiwa kwa maandishi, na mwaka 1997 UNESCO iliziingiza katika orodha ya kumbukumbu za dunia. Mtoto wa Korea akitaka kujua mfalme fulani aliamua nini, anafungua kitabu. Mtoto wa Kainam au wa Katesh akitaka kujua wazee wake waliamuaje kuhusu maji, mpaka au malisho, anamtegemea babu ambaye huenda mwakani hatakuwepo. Watafiti wa kigeni wameandika sehemu ya habari hizo, wengi kwa Kiingereza, katika vitabu ambavyo havifiki kwenye shule zetu za kata.

Halmashauri za Mbulu na Hanang zina walimu wa historia, zina vijana wenye simu zinazorekodi sauti, na zina wazee waliokaa kwenye vikao hivyo. Kazi ya kurekodi, kuandika kwa Kiswahili na kwa lugha za Kiiraqw na Kidatoga, na kuweka nakala katika kila shule ya sekondari, inaweza kuanza muhula ujao. Ianze, na ianze kwa kuwauliza wazee wenyewe wanataka isimuliwe vipi.